UZI: Chaneli ndogo ya YouTube ya Kiswahili, hela inatoka wapi na inafikaje benki

#1 Mzani

Wakuu, habari za wakati huu. Maswali ya YouTube yanarudi kila wiki na majibu yake yametapakaa kwenye nyuzi tofauti tofauti. Tuyakusanye hapa. Nazungumzia chaneli ndogo: mtu mmoja, simu moja, mada moja, lugha Kiswahili. Wasanii na vituo vya habari wana hesabu zao, tuwaache.

Tuanze na masharti. Ili matangazo yaanze kukulipa unahitaji wafuatiliaji 1,000, pamoja na kimojawapo kati ya hivi viwili: saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 iliyopita, au Shorts (video fupi za wima) zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hiyo 1,000 na 4,000 ipo tangu 2018. Mwaka 2023 ikaongezwa ngazi ya chini: wafuatiliaji 500, video tatu za hadharani ndani ya siku 90, na saa 3,000 au Shorts milioni 3 kwa siku 90. Ngazi hii haikupi hela ya matangazo. Inafungua michango ya mashabiki kama Super Thanks na uanachama wa kulipia, ambako mwenye chaneli anabaki na asilimia 70. Ingia YouTube Studio (ukurasa wa kusimamia chaneli yako), sehemu ya mapato, uone kipi kimefunguliwa kwa nchi yako.

Sasa piga hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtu wa kawaida anakaa kwenye video yako dakika 2, unahitaji kutazamwa mara 120,000. Akikaa dakika 5, ni mara 48,000. Video zile zile, kazi ile ile, lakini safari imepungua zaidi ya nusu. Ukigawa dakika 240,000 kwa siku 365 unapata kama dakika 658 kwa siku. Kwa wastani wa dakika 4 hiyo ni mara 165 kwa siku. Chaneli ya mtu mmoja inaweza kufika hapo. Njia ya Shorts inataka mara 111,000 na zaidi kila siku kwa siku 90 mfululizo. Chagueni wenyewe.

Saa ambazo hazihesabiki: video za faragha, video zinazoonekana kwa linki tu, video zilizofutwa, Shorts zinazotazamwa kwenye mkondo wa Shorts, na utazamaji ulioununua kwa kulipia tangazo la video yako. Laivu inahesabika mradi rekodi yake ibaki hadharani. Watu wanafuta video za mwanzo kwa sababu zina sauti mbaya, kumbe wanafuta na saa zake. Iache. Na kumbukeni dirisha la miezi 12 linasogea: saa zilizopatikana tarehe kama ya leo mwaka jana zinadondoka leo. Ndiyo maana mtu anapakia kwa fujo miezi mitatu, anapumzika minne, kisha anakuta mshale unarudi nyuma.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusipotezeane muda: kwa chaneli ndogo ya Kiswahili, matangazo ni hela ya pili. Hela ya kwanza ni mteja anayeletwa na video. Kwa hiyo mada iwe ile ambayo mtu akimaliza kutazama ana kitu cha kununua au fundi wa kumpigia: ushonaji, kuku wa mayai, umeme wa majumbani, ukarabati wa simu, keki za biashara, Excel ya maofisini. Vichekesho vinatazamwa sana, ila mtazamaji akishacheka anaondoka na pochi yake haijafunguka.

#2 Sindano

Mzani, ubarikiwe. Chaneli ya ushonaji, wafuatiliaji 1,300 ila saa ni 1,450 tu. Wengi wameingia kupitia Shorts. Shorts ziendelee au ziachwe? Na video ya kukata gauni iwe ndefu kiasi gani?

#3 Mzani

Dada Sindano, hiyo ndiyo hali ya chaneli nyingi: wafuatiliaji wapo, saa hazipo. Mtu aliyekufuata kwa Short ya sekunde 40 amezoea kupepesa kidole, hana mazoea ya kukaa na wewe dakika 12. Shorts usiziache, zibadilishie kazi. Kila Short iwe hatua moja ya video ndefu, mfano jinsi ya kugeuza kola, halafu uiunganishe na video hiyo kupitia sehemu ya video inayohusiana, ambayo ipo kwenye maelezo ya Short ndani ya Studio. Linki ukiiandika kwenye maoni ya Short haibonyezeki, watu wengi hawajui hilo.

Urefu: dakika 8 ndiyo mpaka wa kibiashara, kwa sababu kuanzia dakika 8 ndipo matangazo ya katikati ya video yanaruhusiwa. Lakini usivute dakika 5 zikawa 9. Gauni la solo lenye kupima, kuchora, kukata na kuunga linakula dakika 15 hadi 20 bila maneno ya ziada, ni mada iliyobarikiwa. Matangazo ya katikati yaweke mwenyewe mwisho wa hatua, baada ya kupima na kabla ya kuchora. Ukiyaacha yajiweke, mengine yataangukia pale unapotaja kipimo na mtu atafunga.

Jina la video liandike jinsi mteja wako anavyotafuta. Andika "jinsi ya kukata gauni la solo" kwenye kisanduku cha kutafutia cha YouTube, usibonyeze, soma mapendekezo yanayoteremka. Hayo ni maneno ya watu halisi. Kisha ongeza kitu cha kupimika: kiuno 28, kitambaa mita 3, bila pateni. Jina lina nafasi ya herufi 100 ila kwenye simu zinaonekana chache za mwanzo, kwa hiyo jambo kuu litangulie. Na kwenye mipangilio ya video weka lugha kuwa Kiswahili, wengi wanaiacha tupu.

Kwenye maelezo weka vipindi: mstari wa kwanza lazima uanze na 00:00, viwe vitatu au zaidi, kila kimoja kisipungue sekunde 10. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, vipindi havijitokezi.

#4 Fundi Wimbi

Naongezea upande wa vifaa, kwa sababu hapa ndipo chaneli za mafunzo zinapopoteza dakika za kutazamwa.

Sauti kwanza. Mtazamaji anavumilia picha hafifu, sauti mbovu havumilii. Maiki ya kubana kwenye nguo ikae kifuani, kama shubiri moja kutoka mdomoni, isiguswe na mtandio wala cheni. Rekodi jaribio la sekunde 20, sikiliza kwa spika za masikioni, angalia vilele vya sauti vikae karibu na desibeli −12, visigonge sifuri. Sauti ikishapasuka hakuna programu itakayoirudisha. Feni zima, jokofu chomoa, na kama unarekodi cherehani ikizunguka, usiseme juu yake. Chukua picha ya sindano ikitembea, maelezo yarekodi baadaye chumba kilicho na nguo na godoro, halafu uyapandishe juu ya picha.

Picha: umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde, na chini ya taa za bei rahisi za LED unaona mistari myeusi inapanda na kushuka. Watu wanadhani kamera imeharibika. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kuweka fremu 25 na kasi ya shata 1/50, mistari inapotea. Usipokuwa na programu hiyo, hamia dirishani: meza ikae ubavu wa dirisha, mwanga uje kutoka upande, jua lisipige moja kwa moja kwenye kitambaa.

Kwa Sindano hasa: simu iwe juu ikitazama chini kwenye meza, na chaki yenye rangi inayopingana na kitambaa. Chaki nyeupe juu ya krimu haionekani kwenye simu ya inchi 6. Kabla ya kukata, simamisha mkono sekunde tatu juu ya futi kamba ili namba isomeke. Mtu akishindwa kusoma kipimo anaondoka, na huyo ndiye alikuwa anunue.

Bando sasa. Simu ikirekodi 1080p inaweza kutoa faili zaidi ya GB 1 kwa dakika 10. Usilipakie hivyo. Ukimaliza kuhariri toa video kwa 1080p na kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ndicho kiwango kinachopendekezwa na YouTube kwa fremu 24 hadi 30. Hesabu: 8 mara sekunde 600 ni megabiti 4,800, gawa kwa 8, ni MB 600 kwa dakika 10. Kwa 720p kiwango ni megabiti 5, sawa na MB 375. Kwa mafunzo ya mezani 720p yenye mwanga mzuri inatosha kabisa. Pakia usiku bando likiwa nafuu, iweke faragha kwanza, ngoja YouTube imalize kuchakata ubora wa juu na ukaguzi wa hakimiliki, ndipo uifungue kwa umma asubuhi. Ukiifungua mara tu baada ya kupakia, watu wa kwanza wanaona picha yenye ukungu.

#5 Mkulima wa Nyanda

Nondo hizi. Swali: chaneli zenye vigezo vyote zinakataliwa kwa kigezo cha "maudhui yaliyotumika tena". Hapo wanaangalia nini hasa?

#6 Karani

Mkuu, wanaangalia chaneli nzima, siyo video moja. Mkaguzi anapitia mada kuu, video zilizotazamwa zaidi, video mpya, zile zilizobeba saa nyingi, na maandishi yako: majina, maelezo, picha za jalada. Kwa hiyo ukiwa na video 40 zako na video 3 za kukatakata mpira wa televisheni zilizobeba nusu ya saa zako, hizo tatu ndizo zinazokuhukumu.

Yanayokataliwa mara kwa mara kwetu: vipande vya mahubiri ya watu, magoli, tamthilia, TikTok za wengine zilizoungwa pamoja, nyimbo zenye picha tuli, habari za magazeti zinazosomwa na sauti ya mashine juu ya picha za intaneti. Mwenye clip kukupa ruhusa hakukuokoi hapa. Hakimiliki ni jambo moja na sera ya maudhui yaliyotumika tena ni jambo lingine. Unaweza kuwa na barua ya mwenye mali na bado ukakataliwa kwa sababu hujaongeza kitu chako.

Kundi la pili ni maudhui ya kurudiarudia, ambayo Julai 2025 sera yake ilipewa jina la maudhui yasiyo halisi. Ni video 60 zilizotoka kwenye kiolezo kimoja, zinabadilika jina tu. Kutumia akili mnemba kusafisha sauti au kutengeneza picha moja hakukatazwi. Kinachokataliwa ni mashine kuzalisha video kwa wingi bila mtu ndani yake.

Dawa: onekana au sikika. Mikono yako, sauti yako, shamba lako. Kwenye ukurasa wa kuhusu chaneli eleza nani anarekodi na wapi. Ukikataliwa mara ya kwanza una siku 21 za kukata rufaa, ama unarekebisha na kuomba upya baada ya siku 30. Ukikataliwa tena, kusubiri kunakuwa siku 90. Kwa hiyo usiombe tena kwa pupa. Toa kwanza video zenye tatizo, hata kama saa zitashuka chini ya 4,000, kisha jaza upya.

#7 Kisauni Leo

Ndugu zangu, kutoka Mombasa nachangia suala la muziki. Watu huchanganya dai na straiki. Dai la Content ID huja lenyewe: mfumo umetambua wimbo, na mara nyingi matokeo yake ni mapato ya video hiyo kwenda kwa mwenye wimbo. Chaneli haiumii. Straiki ya hakimiliki ni mwenye mali kuomba video iondolewe kisheria, na zikifika tatu kabla hazijaisha muda, chaneli huondoshwa. Kila moja huisha baada ya siku 90 ukimaliza shule ya hakimiliki wanayokupa.

Balaa la mafundi wetu ni redio ya dukani. Uko unaeleza namna ya kufunga soketi, nyuma taarabu au Bongo Fleva inalia, dai limeshaingia. Ndani ya Studio kuna kihariri: unaweza kufuta wimbo peke yake, kunyamazisha kipande, au kukikata kabisa, na idadi ya kutazamwa haipotei. Kufuta wimbo wakati mwingine huacha sauti yako imekwaruza, basi kata. Ukiona dai si halali, pinga ndani ya siku 5 ili mapato yahifadhiwe pembeni tangu siku ya kwanza. Aliyedai ana siku 30 za kujibu.

Muziki wa bure upo kwenye Maktaba ya Sauti ndani ya Studio yenyewe. Baadhi hutaka utaje jina la msanii kwenye maelezo, soma alama iliyo kando ya wimbo.

#8 Sindano

Na hii RPM na CPM? Kila mtu anataja namba yake.

#9 Mzani

CPM ni kile mtangazaji analipa kwa matangazo 1,000 yaliyoonyeshwa, kabla YouTube haijakata chake. RPM ni kile kinachokufikia wewe kwa kila mara 1,000 video ilipotazamwa, pamoja na zile mara ambazo hakuna tangazo lililotokea. Fuata RPM. Kwenye video za kawaida unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo, kwenye Shorts asilimia 45 ya sehemu iliyotengwa kwa wenye Shorts, na ukiweka wimbo mmoja wa msanii nusu ya mapato ya Short hiyo inaenda kwenye muziki kabla ya mgao.

Namba ya mwenzako haikusaidii, kwa sababu RPM inafuata nchi ya mtazamaji, mada, urefu na msimu. Mtazamaji aliye Muscat, Minnesota au London analipiwa zaidi na watangazaji kuliko aliye Tabora, na Waswahili walioko nje wanatazama sana mapishi, dini, ujenzi na bei za viwanja. Mjenzi anayeeleza tofali ngapi zinaingia kwenye vyumba vitatu ana watazamaji wa aina mbili: aliyepo hapa na aliyeko ughaibuni anayejenga kwa simu. Januari RPM inashuka kwa kila mtu baada ya watangazaji kumaliza bajeti za Desemba, usishtuke ukadhani umeadhibiwa.

Mfano wa hesabu tu, usiuchukue kama bei: RPM ikiwa dola 0.60 na unatazamwa mara 40,000 kwa mwezi, ni dola 24. Kizingiti cha kulipwa ni dola 100. Ni mwezi wa tano ndipo unavuka. Mtu akiijua hesabu hii mapema hakopi hela ya kamera akitegemea matangazo yalipe rejesho.

Chaneli ya watoto nayo ina jambo lake. Video ikiwekwa alama kwamba imetengenezwa kwa ajili ya watoto, matangazo yanayofuata tabia ya mtazamaji yanazimwa, maoni yanafungwa na Super Thanks haipo. Utaratibu huo ulianza Januari 2020. Hadithi na nyimbo za watoto za Kiswahili zinatazamwa mno, ila RPM yake ipangie chini tangu mwanzo.

#10 Karani

Sasa AdSense, akaunti ya Google ambayo hela ya YouTube inapitia, maana hapa ndipo watu wanafika na vigezo vyote halafu hela inalala miezi.

Akaunti ni moja kwa mtu mmoja. Kama uliwahi kufungua ya blogu miaka ile ukaisahau, ukifungua nyingine inakataliwa kwa kuwa umerudia. Tafuta barua pepe ya zamani, ifunge ile au itumie hiyo hiyo. Chaneli mbili tatu zinaweza kuungana na akaunti moja. Nchi ikishawekwa haibadilishwi, kwa hiyo usiweke Marekani ukidhani utalipwa zaidi. Jina liwe lile la kitambulisho, herufi kwa herufi, na lilingane na la benki. Umri ni miaka 18.

Mapato yakifika dola 10 wanatuma PIN ya kuthibitisha anwani yako kwa posta, barua ya karatasi kabisa. Inachukua wiki mbili hadi nne, vijijini na zaidi. Mtaa na namba ya nyumba peke yake havitoshi kwetu, andika S.L.P. Kama huna sanduku, omba la shule, kanisa, msikiti au ofisi unayofahamika, na mstari wa kwanza uwe jina lako, wa pili "kwa kupitia" taasisi hiyo, wa tatu S.L.P. na mji. Waambie masijala wasiirudishe. Kenya weka na namba ya posta, mfano 00100 kwa Nairobi GPO au 80100 kwa Mombasa. Una miezi minne tangu PIN ya kwanza itengenezwe. Ikipita bila kuingizwa, matangazo yanasimama. Unaweza kuomba PIN upya. Zikishindikana zote, mfumo unafungua njia ya kupakia kitambulisho chenye anwani. Usibadilishe anwani katikati ya kusubiri bila kuomba PIN mpya.

Fomu ya kodi ya Marekani ni lazima kwa kila mtu, hata kama hujawahi kukanyaga huko. Mtu binafsi wa nje anajaza W-8BEN ndani ya AdSense. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo sehemu ya mkataba jibu ni hapana, na makato ni asilimia 30 ya mapato yaliyotoka kwa watazamaji walioko Marekani peke yake. Usipojaza, mtu binafsi anakatwa asilimia 24 ya mapato yote ya dunia nzima. Chukua dola 120, ambazo dola 15 zimetoka Marekani: ukijaza unakatwa dola 4.50, usipojaza dola 28.80. Ni dakika kumi za kazi. Inatakiwa kujazwa upya baada ya takriban miaka mitatu, watakutumia taarifa.

Malipo: mapato ya mwezi yanakamilishwa kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata, na kama salio limevuka dola 100 na hakuna kizuizi, yanatumwa kati ya tarehe 21 na 26. Kwa benki unahitaji msimbo wa SWIFT (utambulisho wa benki yako kimataifa), ambao ni herufi 8 au 11. Herufi ya tano na ya sita ni nchi: TZ au KE. Ukiona kitu kingine umepewa msimbo usio wako. Benki inayopokea inakata ada, na benki ya kati inaweza kukata pia, kwa hiyo ukilipwa dola 100 kila zinapofika unalipia ada mara nyingi. Ndani ya AdSense unaweza kupandisha kizingiti chako hadi dola 300 kwa mfano, ukalipwa kwa mkupuo. Akaunti ya dola inakupa uhuru wa kuchagua siku ya kubadilisha.

#11 Kisauni Leo

Karani kamaliza. Nyongeza ya Kenya: tangu Julai 2023 kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali kwa mkaazi. Kampuni ya hapa ikikulipa kutangaza bidhaa yake, itakata hiyo 5 na ikupe cheti kupitia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Kitunze, utakitumia ukijaza marejesho.

#12 Karani

Tanzania nayo kuanzia mwaka wa fedha 2024/25 iliweka asilimia 5 kwa malipo kwa mtengeneza maudhui mkaazi. Duka likikulipa 200,000, linazuia 10,000 na kukupa hati ya zuio. Kuwa na TIN. Na wenye chaneli za habari na matukio: Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 na marekebisho ya 2022 zinataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Piteni ofisi ya kanda muulize mlipo kabla ya kuanza kusoma habari.

#13 Mkulima wa Nyanda

Huyo mwenye duka anapatikanaje kwa chaneli ya watu 800? Na anatozwa nini?

#14 Mzani

Hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Mwenye duka la pembejeo hajali watu 800, anajali ni wangapi wako mkoa wake na wako tayari kununua dawa wiki hii. Peleka vitu vitatu: picha ya takwimu za video yako iliyotazamwa zaidi, maneno waliyotafuta watu hadi wakaifikia (yapo kwenye Takwimu, chanzo cha utazamaji, YouTube kutafuta), na maoni ya watu wanaouliza "dawa hiyo naipata wapi". Maoni hayo yanauza kuliko namba yoyote.

Bei usiiokote hewani. Video moja ikikula siku mbili za kazi na siku yako shambani ina thamani ya 30,000, bando na nauli 15,000, gharama yako ni 75,000. Chini ya hapo unamfadhili mwenye duka. Juu ya hapo ongeza faida yako na uandike wazi anachonunua: kutajwa dakika ipi na kwa sekunde ngapi, namba ya duka mstari wa kwanza wa maelezo, maoni yaliyobandikwa juu kwa siku 30, na nani anaruhusiwa kuitumia clip kwenye kurasa zake. Nusu kabla, nusu siku video inapofunguliwa. Marekebisho mara moja tu.

Ndani ya Studio weka alama kwamba video ina tangazo la kulipiwa. Haikupunguzii kitu, na kuficha ndiko kunakovunja sera. Kiuatilifu usichokijua usikitangaze hata kwa laki tano. Mkulima akiunguza nyanya zake kwa maelekezo yako, chaneli imekwisha mkoa mzima.

Njia ya pili ni kuuza chako. Sindano auze pateni zilizochapwa kwa saizi 8 hadi 18, au darasa la WhatsApp la wiki mbili kwa Lipa Namba. Kwa watu 20 wanaolipa 15,000 ni 300,000. Fananisha na zile dola 24.

#15 Fundi Wimbi

Tahadhari za haraka. Magrupu ya "nifuate nikufuate" ni marufuku kwenye sera ya YouTube, na yanakuua mara mbili: hao watu hawatazami, kwa hiyo video mpya ikionyeshwa kwao wanaipita na mfumo unaacha kuisambaza. Kununua saa 4,000 ni hivyo hivyo, mkaguzi anaona chanzo. Kubonyeza matangazo yako mwenyewe au kuwaomba ndugu wabonyeze kunafungisha AdSense, na AdSense ikifungwa kwa kosa hilo kufungua nyingine ni kazi kweli kweli.

Wizi wa chaneli siku hizi unakuja kwa barua pepe ya "udhamini": kampuni inajitambulisha, inakutumia faili la mkataba lenye nywila, ukilifungua kwenye kompyuta linabeba kuki za kivinjari (kumbukumbu za kuingia kwenye akaunti) na wanaingia bila kuulizwa neno la siri. Mkataba wa kweli hauhitaji kusakinisha programu. Uthibitishaji wa hatua mbili ni lazima kwa wanaolipwa, ila kwa wizi huu hautoshi. Barua za biashara zielekeze kwenye akaunti nyingine, tofauti na ile inayomiliki chaneli. Mhariri wako mpe ruhusa kupitia Studio, usimpe neno la siri.

#16 Sindano

Nimeandika yote. La mwisho: kwenye mchoro wa kubaki kwa watazamaji, video nyingi zinaanguka sekunde ya 25 hadi 40, halafu zinatulia hadi mwisho.

#17 Mzani

Hapo kuna salamu ndefu. Fungua video tatu zenye anguko hilo, tazama uko wapi sekunde ya 25. Karibu zote utakuta bado unajitambulisha na kuomba wafuatilie chaneli. Sekunde 5 za mwanzo onyesha gauni lililokamilika limevaliwa, linageuka mbele na nyuma. Zinazofuata taja mita za kitambaa na vipimo vitatu vitakavyohitajika, kisha futi kamba iguse kitambaa kabla ya sekunde ya 30. Ombi la kufuatilia lisogeze baada ya hatua ya kwanza kukamilika, mtu akiwa ameshapata kitu.

Video za zamani usizipakie upya. Kata hizo salamu kwa kihariri cha Studio, linki na maoni vinabaki pale pale. Anza na ile inayoingiza watu wengi kupitia kutafuta, ngoja wiki mbili, linganisha wastani wa dakika kabla na baada. Ukipanda kutoka dakika 3 hadi 4, saa 2,550 zilizobaki zinahitaji kutazamwa mara 38,250 badala ya 51,000.